Boulon Si Bolti: Istilahi za Hesi Mpakani Sakania

Mjadala wa istilahi za Kiswahili umeelemea mno upande wa darasani. Fizikia, kemia na biolojia zilipata kamusi yao kutoka Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Sheria, isimu na fasihi nazo hazikusahauliwa. Karakana ndiyo iliyobaki nyuma. Kamusi ya msingi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili aliyoitunga Rajmund Ohly, iliyotoka Dar es Salaam mwaka 1987, inastahili heshima kwa sababu iliwageukia watu wanaoshika spana na tupa. Hata hivyo, kazi hiyo, kama zilivyo nyingi za aina yake, inaanzia Kiingereza: dhana huingia mlangoni ikiwa imekwisha kukatwa na kugawanywa na lugha hiyo, na kazi ya mtunga istilahi hubaki kutafuta jina. Dar es Salaam kasoro ya utaratibu huo haionekani kwa urahisi, kwa kuwa fundi, mwalimu wake na kitabu cha mtambo wote wanatazama Kiingereza. Ili kuiona, hapana budi kwenda mahali ambapo Kiswahili kinakutana na lugha mbili za ufundi kwa wakati mmoja.

Sakania ni mahali pa namna hiyo. Ndiyo stesheni ya kwanza ya Kongo kwa treni itokayo Ndola, Zambia. Reli kutoka kusini ilifika hapo mwaka 1909, ikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Upana wake, milimita 1067, si kitu kingine ila futi tatu na inchi sita za Waingereza zilizoandikwa kwa vipimo vya Wabelgiji. Upande mmoja wa mpaka elimu ya ufundi hutolewa kwa Kiingereza, upande wa pili kwa Kifaransa. Kiswahili cha Katanga, ambacho Johannes Fabian amekieleza kwa kirefu kama lugha iliyokulia katika ajira za migodi na reli, kimekopa msamiati wa vyombo kutoka Kifaransa kama vile Kiswahili cha pwani kilivyoukopa kutoka Kiingereza. Kwa hiyo vifungio vyenye hesi ambavyo Tanga huitwa skrubu, bolti na nati, Sakania hutajwa kwa majina yatokanayo na vis, boulon na écrou.

Msomaji wa haraka atasema kwamba hizi ni tofauti za sauti tu, na kwamba jedwali la safu mbili lingetosha kuzimaliza. Hapo ndipo kosa linapoanza. Katika Kifaransa cha ufundi, boulon si ule ufito wenye kichwa peke yake. Ni jozi: ufito pamoja na écrou yake. Ufito usio na écrou huitwa vis, hata ukiwa mnene kama kidole gumba. Kiingereza kinagawanya kwa njia nyingine. Humo bolti ni ufito wenyewe, nao hutofautishwa na skrubu kwa matumizi: bolti hupita katika tundu na kukazwa kwa kuzungusha nati, skrubu hukazwa kwa kuzungusha kichwa chake ndani ya kitu kinachofungwa. Chukuliwe mfano wa karani wa bohari anayeandika Sakania agizo la boulon ishirini, na mwenzake wa Ndola anayelisoma kuwa bolti ishirini. Wa kwanza amehesabu vipande arobaini, wa pili amefunga ishirini. Hakuna aliyekosea lugha yake. Jedwali la safu mbili ndilo lililowadanganya, kwa kuwa liliweka alama ya usawa mahali pasipo na usawa.

Si kwamba Kifaransa ni kisafi kuliko Kiingereza. Neno la Kiingereza lililotupa bolti lina maana pia ya komeo la mlango, na yeyote anayetafsiri bila kushika chuma mkononi anaweza kumpa mwashi komeo mahali pa kifungio. Kifaransa hutenga mawili hayo, komeo likiwa verrou. Lakini Kifaransa hicho hicho huita spana clé, yaani ufunguo, hivyo mtego unahama kutoka mlango hadi kwenye kasha la vifaa. Kila lugha ina utata wake, na lugha inayokopa hurithi utata wa mkopeshaji pamoja na neno.

Kiswahili nacho hakikuwa maskini kabla ya mikopo hii. Parafujo, neno la asili ya Kireno lililo jamaa ya meza, leso na gereza, lilikuwa pwani zamani kabla ya skrubu. Hesi ni jina zuri la ule mfuo uzungukao ufito, na msumari wa hesi hueleza kitu chake vizuri kuliko maneno mengi ya mkopo. Utajiri huo umetumika vibaya. Parafujo na skrubu vimeachwa kuwa visawe, kana kwamba ufundi ni ushairi unaohitaji maneno mawili kwa kitu kimoja ili vina vipatikane. Pengo lililokuwa wazi, la kutenga kile kinachokazwa kwa kichwa na kile kinachokazwa kwa nati, lingeweza kuzibwa kwa kulipa parafujo kazi ya kwanza na bolti kazi ya pili, kisha jozi ikaitwa jozi.

Jambo zito zaidi liko katika hatua. Umbali kutoka uti mmoja wa hesi hadi uti unaofuata Kifaransa hukiita pas, hatua, nacho Kiswahili kinaweza kulichukua wazo hilo lilivyo: hatua ya hesi. Anayeanzia Kiingereza hukutana na neno ambalo pia ni kidatu cha sauti, lami na kiwanja cha mpira, na haishangazi akikimbilia kulikopa. Hapa njia ya Lubumbashi ni fupi kuliko ya Dar es Salaam. Wala si suala la urembo. Hesi ya Whitworth, iliyopendekezwa Uingereza mwaka 1841, ina pembe ya digrii 55. Ya metriki ina digrii 60. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina nyuzi 12 kwa inchi, yaani hatua ya milimita 2.1 hivi, ile ya mfumo wa pamoja uliokubaliwa na Marekani, Uingereza na Kanada mwaka 1948 ina 13, bolti ya metriki ya milimita 12 ina hatua ya milimita 1.75. Nati ya mfumo mmoja huweza kushika mwanzo wa bolti ya mfumo mwingine, ikazunguka mara moja au mbili, kisha ikakwama. Fundi mwenye nguvu nyingi na msamiati mchache ataongeza urefu wa spana. (Kwa ukubwa wa inchi tatu kwa nane Whitworth na mfumo wa pamoja zote zina nyuzi 16, nati huingia kama iliyotengenezwa pamoja na bolti, ingawa pembe hazilingani, na hiyo ni hatari zaidi kwa kuwa hailalamiki.) Istilahi inayotaja nati bila kumpa fundi neno la hatua na neno la pembe imempa jina la kitu na kumnyima njia ya kukichagua.

Kuhusu utengenezaji, kamusi nyingi huridhika na kukereza. Kitenzi hicho ni cha zamani na ni sahihi kwa hesi iliyokatwa kwa kerezo, ambapo chuma huondolewa. Lakini bolti nyingi za viwandani hazikerezwi. Kichwa hufuliwa kwa kugongwa ncha ya ufito hali ya baridi, kisha ufito hubanwa na kubingirishwa kati ya vibao viwili vya chuma kigumu vilivyochongwa mifuo, hadi hesi inapoinuka. Hakuna kinachoondolewa, nyuzi za chuma hupinda kufuata hesi badala ya kukatwa, na bolti hustahimili mitikisiko vizuri zaidi. Ufito wa kubingirisha huanza ukiwa mwembamba kuliko bolti itakayotoka, ule wa kukereza huanza na unene kamili. Anayeziita zote hesi za kukereza atanunua ufito usiofaa. Unyambuaji wa Kiswahili unatoa hesi ya kukatwa na hesi ya kubingirishwa bila kumwomba mtu yeyote neno.

Vyombo viwili vinabaki bila makao. Kile cha kukata hesi ndani ya tundu ni taraud kwa Kifaransa. Kwa Kiingereza kina jina moja na bomba la maji. Kile cha kukata hesi juu ya ufito ni filière, neno ambalo mwanafunzi wa Lubumbashi hulijua kwanza kama mkondo wa masomo; jina lake la Kiingereza, likitiwa katika sauti za Kiswahili, huwa dai, na dai lina kazi yake mahakamani. Tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wenye kamusi wa pande zote mbili wanaweza kuitwa katika kikao kimoja. Wakikaa, waanze na vyombo hivi viwili, vikiwa mezani mbele yao, kabla kamusi yoyote haijafunguliwa.