Chombo Shirikishi: Nani Hushirikishwa?

Neno "shirikishi" limekwisha pata makao katika lugha ya ualimu. Mbinu shirikishi ni ile inayowafanya wanafunzi wajadiliane na kutenda, badala ya kuketi na kunakili. Kwa maana hiyo tunalikubali. Sasa, lakini, linatwikwa mzigo wa pili: filamu ya somo la hisabati yaitwa shirikishi, na programu ya jiometri vivyo hivyo. Hapa hatuna budi kutofautiana na wafasiri wenzetu.

Mtazamaji wa filamu aweza kuisimamisha na kuirudia. Hawezi kuibadili hata nukta. Tutazame GeoGebra, programu aliyoianzisha Markus Hohenwarter mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Mwanafunzi wa sekondari akishika ncha moja ya pembetatu na kuiburuta, vipimo vya pembe hubadilika papo hapo, na jumla yake hubaki nyuzi 180. Chombo kimeitikia tendo lake. Twapendekeza kiitwe "chombo kiitikiaji". "Jibizani" tumeliacha, kwani kujibizana hunukia ugomvi.

Lililo zito zaidi ni kitenzi "kuchora". Mwambie mwanafunzi achore mraba: ataweka nukta nne kwa kukadiria, na umbo litapendeza macho. Akiburuta nukta moja tu, mraba wavunjika. Mwenzake aliyeanza na upande mmoja, akasimamisha mistari ya pembemraba katika ncha zake, kisha akahamisha urefu kwa duara, aweza kuziburuta ncha zile apendavyo. Mraba utakua, utageuka, lakini utabaki mraba. Tendo la kwanza ni kuchora. La pili ni kuunda. Mwongozo unaoyaita yote mawili "kuchora" humficha mwanafunzi somo lenyewe, yaani ni sifa zipi zinazolilazimisha umbo liwe lilivyo.

Kadhalika "kuthibitisha". Kuona nyuzi 180 katika pembetatu mia moja ni kuhakiki tu. Uthibitisho huanza mwanafunzi apitishapo katika ncha ya juu mstari ulio sambamba na kitako, akaonyesha kwamba pembe mbili za kitako zimehamia kandokando ya pembe ya tatu, na zote tatu zimejaza mstari mnyofu. Kazi hiyo kioo hakimfanyii. Mfasiri aandikapo "thibitisha kwa kuburuta" amemwondolea mwalimu nusu ya kipindi chake.