Kuijua Kamishibai Njema

Baina ya Ruiru na Thika, pale Juja, kimesimama chuo kikuu kilichoanza mwaka 1981 kama chuo cha kilimo na ufundi kwa msaada wa serikali ya Japani, na kwa sababu hiyo Mjapani si kiumbe wa ajabu katika viunga hivi; lakini tamthilia za kwao zingali hazijulikani sana, nami naona katika zote hizo hakuna inayokaribia baraza yetu ya hadithi kama kamishibai, yaani mchezo wa karatasi, ambao hautaki jukwaa wala mavazi ya hariri kama tamthilia ya Noh, ila sanduku la mbao lenye milango midogo, picha kumi na mbili au kumi na sita, na mtu mmoja mwenye ulimi. Ilienea katika mitaa ya Tokyo tangu mwaka 1930 hivi, ikichukuliwa kwa baiskeli na wauza peremende, ikaja ikafifizwa na televisheni. Leo huishi zaidi madarasani na katika maktaba.

Ukialikwa kuitazama katika uwanja wa shule, tega kwanza sikio. Watoto huitwa kwa vibao viwili vya mti mgumu, hyoshigi, na mlio wake yapasa uwe mkavu na mkali, usiozibika kama wa mti mbichi. Wapo waanzao kwa Paukwa wakaviacha vibao. Mimi nasema viwepo vyote, vibao vya kuwakusanya watoto na Paukwa ya kuwafungulia kisa.

Kuhusu picha sina mengi ya kusema. Rudi nyuma hatua kumi: ikiwa hutambui nani ni nani, mchoraji alichorea kitabu.

Lakini ustadi wenyewe u mkononi. Maneno ya picha inayotazamwa yameandikwa nyuma ya karatasi iliyopelekwa mwisho, basi msimulizi dhaifu huliinamia sanduku akisoma kama mtangazaji wa habari, ilhali aliye stadi amekwisha kukihifadhi kisa, macho yake yamo nyusoni mwa watoto, naye huivuta karatasi kwa kadiri ya maana: taratibu pale bahari inapotanda, kwa ghafula pale zimwi linapozuka, na pengine huivuta nusu tu akasita, ili mkono wa zimwi uonekane kabla ya uso wake. Kusita huko Wajapani hukuita ma, na aghalabu ndiko kunakowashinda wanafunzi, kwa maana hakufanani hata kidogo na ukimya wa aliyesahau maneno. Naye mwenye kutaka kuvipambanua awaangalie watoto, kwani msimulizi akisahau hutazamana wao kwa wao, bali akisita kwa ustadi hulikazia macho sanduku, hata kama honi za matatu za barabara ya Thika zinalia ng'ambo ya ua.

Yabaki lugha. Kisa cha Momotaro, mtoto aliyetoka ndani ya tunda la pichi lililochukuliwa na mto hadi kwa bibi kizee aliyekuwa akifua nguo, humjaribu mfasiri kuliko visa vyote nivijuavyo, kwa kuwa Kijapani, kama Kiswahili, kina utajiri wa tanakali, na mwendo wa tunda hilo majini husemwa donburako, donburako. Asemaye "likaelea" ameleta maana akauacha mto. Asemaye "chubwi" amekosea zaidi, kwani chubwi ni sauti ya kitu kilichotumbukia. Mimi hupendelea "likisukwasukwa, likizama likiibuka", ambayo mtoto wa Thika aliyepata kuona shina la mgomba likichukuliwa na maji ya Chania wakati wa masika huielewa bila kufafanuliwa.

Hatima yake, tazama namna msimulizi anavyofunga. Asiye na yakini na kazi yake hubandika mawaidha baada ya picha ya mwisho, akaeleza kilichokwisha kuonekana; stadi hufunga mlango mmoja, kisha wa pili, polepole, akapiga vibao mara moja, na walioketi mbele wakabaki wakizitazama mbao tupu.