Mkanda Usioijua Kalori

Mkanda wa kifuani, ule unaoloweshwa kwa maji kidogo kabla ya kuvaliwa, au kwa mate kama maji hayapo karibu, hauijui kalori hata moja. Kazi yake ni kunasa umeme mdogo unaotangulia kila pigo la moyo na kuirushia habari hiyo saa iliyo mkononi. Kampuni ya Polar ya Ufini, iliyoanzishwa na Profesa Seppo Säynäjäkangas mwaka 1977, ndiyo iliyouza kipimo cha kwanza cha mapigo kisicho na waya, mwaka 1982. Hilo nalo ni jambo la kusifiwa. Ila mimi ninachokihusudu ni ufundi wa waliokuja kuyageuza mapigo hayo kuwa kalori.

Chukua hatua kwa hatua. Mwili unapounguza chakula, kila lita ya oksijeni inayotumika hutoa takriban kalori 5. Oksijeni hiyo hubebwa na damu, na damu husukumwa na moyo. Mtu akiongeza mwendo, oksijeni na mapigo hupanda pamoja, karibu kwa mstari ulionyooka. Ufundi wote umejificha ndani ya hilo neno “karibu”.

Kwanza, kila mtu ana mstari wake. Moyo wa mkimbiaji mzoefu husukuma damu nyingi kwa pigo moja, na wa mtu wa ofisini hulazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ileile. Kwa hiyo mafundi wenye subira hawaanzi na mbio. Humlaza mtu chali, humketisha, kisha humsimamisha, na kila mara husubiri mapigo yatulie kabla ya kuandika. Ndipo humpandisha kwenye mashine ya kukimbilia, barakoa usoni, aanze kwa mwendo wa kwenda dukani, halafu wa mtu aliyechelewa basi, halafu mbio. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21. Tunayoitoa hubaki na 16 au 17. Tofauti hiyo ndogo ndiyo wanayoivizia, pumzi baada ya pumzi. Zamani pumzi zilikusanywa kwenye mfuko mkubwa alioubuni C. G. Douglas wa Oxford mwaka 1911, na mtu alikimbia huku bomba likining'inia mdomoni.

Halafu mafundi hao hufanya jambo ambalo ninawavulia kofia. Huchukua mapigo ya juu kabisa ya mapumziko na ya chini kabisa ya mazoezi, wakatafuta katikati yake. Chini ya hapo moyo hauulizwi kitu: mtu huhesabiwa kalori za mapumziko tu. Juu ya hapo ndipo mstari wake unapotumika. Wanajua kwamba moyo wa aliyeketi huenda mbio kwa kahawa, kwa hofu, kwa simu ya mwenye nyumba, na hakuna kazi ya misuli iliyofanyika.

Sisi wengine hatuna maabara, ndiyo maana nao wakatutungia kanuni za jumla. Mojawapo ilitoka Afrika Kusini mwaka 2005, baada ya kuwapima watu 115 waliozoea mazoezi. Kwa mwanamume, zidisha mapigo ya dakika moja kwa 0.6309, kilo za uzito kwa 0.1988, na umri kwa 0.2017. Jumlisha, toa 55.0969, na unachopata ni kilojuli kwa dakika. Gawa kwa 4.184 upate kalori. Wanawake wana tarakimu zao. Mwanamume wa miaka 35 na kilo 70, akikimbia mapigo yakiwa 140, anachoma karibu kalori 13 kwa dakika, yaani kama 390 kwa nusu saa.

Sasa mketishe mtu huyohuyo atazame mechi ya Simba na Yanga. Mapigo yakifika 120, kanuni itampa karibu kalori 10 kwa dakika, 900 kwa mechi nzima, bila kuinuka kwenye kochi. Akilala mapigo yakashuka hadi 50, itamwambia anachoma chini ya sifuri! Kanuni haina kosa. Ilitungwa kwa watu waliokuwa mazoezini, na sisi ndio tunaoionea. Jua kali nalo huidanganya: damu hukimbilia kwenye ngozi kuipoza, moyo huongeza mapigo, na saa huandika kalori ambazo miguu haikuzifanyia kazi.

Watafiti waliowavalisha mikanda Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi walilijua hilo. Waliuliza swali ambalo mapigo yanaweza kulijibu: ni dakika ngapi kwa siku watu hawa wamo katika shughuli ya kuhemesha? Jibu lilikuwa takriban 135. Matumizi ya kalori ya Wahadzabe yalikuwa yamekwisha kupimwa kwa njia nyingine, kwa kuwanywesha maji yenye atomi zilizotiwa alama na kuzifuatilia kwenye mkojo.

Hata vifaa vya mkononi tu vilijikwaa palepale: mwaka 2017 watafiti wa Stanford walipima saa na bangili saba za mkononi. Sita zilihesabu mapigo kwa kosa lisilofika asilimia 5. Kwa kalori, iliyokuwa bora kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27.

Basi lowesha mkanda wako, andika uzito wako wa leo na si wa mwaka juzi, na ukimaliza mbio izime saa kabla mpira haujaanza.