Theluji ya Mkasi na Raba

Vipande vya theluji vinavyoanguka kwenye kurasa za mwisho za The Snowy Day vimegongwa kwa raba ya kufutia. Ezra Jack Keats alizichonga raba zake nakshi, akazichovya kwenye rangi, kisha akazigonga karatasini moja baada ya nyingine, kama karani na muhuri wake. Kitabu kilitoka mwaka 1962. Kinamhusu Peter, mtoto mweusi anayeamka asubuhi mjini New York na kukuta theluji imefunika kila kitu, akavaa vazi lake jekundu na kutoka kwenda kucheza. Basi. Hakuna zimwi wala safari ya mbali, na bado ni kitabu ninachokipenda kuliko vitabu vingi vizito vilivyo rafuni kwangu.

Mpaka wakati huo Keats hakuwa amewahi kutengeneza kitabu kizima kwa kukata na kubandika. Alianza na karatasi chache zenye maua, zikamkolea. Gauni la mama yake Peter ni kipande cha kile kitambaa kisichopitisha maji ambacho watu hutandika kwenye rafu za kabati. Shuka la kitanda ni turubai la wachoraji. Ukuta wa kijivu wa chumba anacholala mtoto ulipatikana kwa kurusha matone ya wino mweusi kwa mswaki. Mtazame mama huyo kwa karibu: mwili mpana uliojaa ukurasa, gauni lenye mistari ya rangi, na mtoto wake mbele yake akivuliwa soksi zilizolowa. Kitambaa cha jikoni kimekuwa mama wa mtu, na macho yanakubali mara moja.

Jicho la namna hiyo halipatikani kwa siku moja. Mwaka 1940 Keats alikata kwenye gazeti la Life picha kadhaa za mtoto mdogo mweusi wa jimbo la Georgia, aliyekuwa akisubiri kutolewa damu ya kupimwa. Alipenda uso wake, mikao yake, hata jinsi nguo zilivyomkaa. Akazihifadhi kwa zaidi ya miaka 20, mpaka alipopata nafasi ya kuandika kitabu chake mwenyewe. Hapo Peter alikuwa tayari anamsubiri.

Pengine tabia hiyo ya kutunza aliirithi. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1916, mtoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Poland. Baba yake, mhudumu wa mkahawa, alimwonya kwamba uchoraji hauna chakula, lakini akawa anamletea rangi nyumbani kwa kisingizio kwamba msanii fulani mwenye njaa amezibadilisha kwa bakuli la supu. Alipofariki ghafla mwaka 1935, ndani ya pochi yake kulikutwa vipande vya magazeti vilivyochakaa, vyote vikieleza tuzo alizopata mwanawe.

Kitabu kilipewa medali ya Caldecott mwaka 1963. Mwaka 2020 Maktaba ya Umma ya New York ilitangaza kwamba ndicho kilichoazimwa kuliko vyote katika historia yake ya miaka 125: mara 485,583. Sishangai. Wakati vitabu vya picha vya Marekani vilikuwa karibu vyote vya watoto weupe, Keats alimweka Peter katikati ya ukurasa na kumwacha acheze kama mtoto yeyote.

Kwa msomaji wa kwetu, hata hivyo, ningependekeza pia A Letter to Amy cha mwaka 1968. Hapo Peter amekua kidogo, anakwenda kuposti barua ya kumwalika Amy kwenye sherehe ya kuzaliwa kwake, na upepo unamnyang'anya barua. Theluji haipo, ni mvua. Lami imelowa na rangi za mtaa zinachuruzika juu yake, mchanganyiko wa rangi na karatasi ambao mtu yeyote aliyewahi kutembea mjini wakati wa masika ataujua bila kuelezwa.