Ghala la Yusufu na Meza ya Nehemia

Kila tunapomsimika mzee wa kanisa, au tunapomwombea ndugu aliyechaguliwa kuongoza chama cha ushirika, mfano unaopendwa ni Yusufu. Tunasoma Mwanzo 41: ndoto za Farao, miaka 7 ya shibe, miaka 7 ya njaa, na kijana aliyetoka gerezani akaweka akiba sehemu ya tano ya mavuno. Ni mfano mzuri. Siku ya njaa ghala halikuwa tupu, na watu wakaokoka.

Lakini mahubiri mengi huishia hapo. Sura ya 47 ina habari ngumu zaidi. Waliolima nafaka ile ndio wanaouziwa. Fedha zao zikaisha, wakatoa mifugo. Mifugo ikaisha, wakatoa mashamba na nafsi zao. Wakawa watumwa wa Farao, na bado wakamshukuru Yusufu. Mstari wa 22 ututikise sisi watu wa kanisa: ardhi ya makuhani haikuguswa, kwa kuwa walikuwa na posho yao kwa Farao.

Simhukumu Yusufu. Aliokoa maisha, wala hakuiba. Nasema tu kwamba kutoiba si kipimo chote cha uwakili. Ghala linaweza kujaa, vitabu vikawa safi, na mkulima akarudi nyumbani mikono mitupu.

Hapa Mtwara jambo hili tunalijua. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho zetu huuzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo chama cha msingi, hupimwa, huenda ghala kuu, huuzwa mnadani, naye husubiri malipo. Kuanzia Tandahimba na Newala hadi vijiji vya kuelekea mdomo wa Ruvuma, riziki ya mwaka mzima hupita mikononi mwa karani wa mizani, mtunza ghala na mhasibu. Malipo yakichelewa, au ada ya shule ikidaiwa kabla ya msimu, kangomba hubisha hodi: korosho hununuliwa kwa bakuli, kwa bei ya kutupa. Na wanunuzi wa kangomba hawako nje ya kanisa tu.

Ndiyo maana Yusufu asomwe pamoja na Nehemia 5. Huko nako watu wameweka rehani mashamba ili wapate nafaka na kulipa kodi ya mfalme, na watoto wao wanaingia utumwani. Nehemia alikuwa liwali. Angeweza kusema mikataba ni halali. Badala yake aliwakusanya wakopeshaji, akakiri kwamba yeye na ndugu zake nao wamekopesha, akataka mashamba yarudishwe siku hiyohiyo. Kwa miaka 12 hakula posho ya liwali, maana mzigo wa watu ulikuwa mzito; tena mezani pake walikula watu 150.

Wapendwa, tuwaombee viongozi wetu busara ya Yusufu, lakini tuwapime pia kwa swali la Nehemia: baada ya utumishi wako, shamba la mjane bado ni lake? Na kabla hatujaleta shukrani ya mavuno madhabahuni, yeyote kati yetu anayeshikilia korosho za jirani kwa kangomba azirudishe kwanza. Nehemia alianza kwa kujitaja mwenyewe. Nasi tuanzie hapo.