Tairi Kubwa Zaidi kwa Hilux: Vipimo Vinavyoamua

Pikapu ya Toyota Hilux ya kizazi kilichoanza kuuzwa mwaka 2015 hutoka kiwandani ikiwa na matairi ya vipimo tofauti kulingana na daraja la gari, na vipimo hivyo vikisomwa kwa pamoja huonyesha mipaka ambayo wahandisi waliiwekea gari hilo hata kabla mwenyewe hajafikiria kuibadilisha. Daraja la kati hufungwa 265/65R17 na daraja la juu 265/60R18, ilhali magari ya kazi hufungwa matairi membamba zaidi, kama vile 225/70R17C. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wake, yaani sehemu iliyo kati ya rimu na meno, kikielezwa kama asilimia ya upana huo. R huonyesha kwamba nyuzi za ndani zimepangwa kirediali, zikivuka tairi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Na namba ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi, ambapo inchi moja ni milimita 25.4.

Kwa 265/65R17, ubavu ni asilimia 65 ya 265, yaani milimita 172.25, na kwa kuwa ubavu huhesabiwa juu na chini, kipenyo cha tairi zima huwa milimita 344.5 jumlisha 431.8 za rimu, sawa na 776.3. Hesabu hiyohiyo ikifanywa kwa 265/60R18 hutoa 775.2, na kwa 265/70R16, kipimo kinachofahamika sana kwa wenye pikapu za aina hii, hutoa 777.4. Rimu ni tatu tofauti, lakini kimo cha tairi ni kilekile, kwa tofauti isiyozidi milimita mbili na ushei. Kwa hiyo anayenunua rimu kubwa kwa matumaini ya kuinua gari, kisha akafunga juu yake kipimo cha kiwandani, hainui chochote. Anachofanya ni kupunguza mpira na kuongeza chuma, na kwenye barabara ya changarawe biashara hiyo haina faida.

Anayetaka kimo cha kweli hukutana na vipimo viwili vinavyotajwa zaidi madukani kwa rimu ya inchi 17. Cha kwanza ni 265/70R17, chenye kipenyo cha milimita 802.8, yaani ongezeko la asilimia 3.4; cha pili ni 285/70R17, chenye milimita 830.8, yaani ongezeko la asilimia 7. Tofauti hiyo huonekana kubwa tairi linaposimama ukutani dukani, lakini gari hupanda kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo, kwa sababu ekseli imo katikati ya gurudumu na nusu ya pili ya ongezeko hubaki juu yake. Difu, yaani lile bonge la meno lililo katikati ya ekseli ya nyuma, ambalo ndilo hukwaruza kwanza pale malori yanapochimba mifereji miwili barabarani na kuacha mgongo katikati, hupanda milimita 13 kwa tairi la kwanza na milimita 27 kwa la pili. Milimita 27 si kitu cha kudharau. Hata hivyo inafaa ziwekwe mezani kabla ya gharama zake kuhesabiwa, kwa kuwa wengi hulipia tairi kubwa wakidhani wananunua kimo, wakati walichokosa tangu mwanzo ni meno yanayoshika tope na upepo uliopimwa vizuri.

Gharama ya kwanza ni nafasi. Tairi la mbele halizunguki tu. Hugeuka kushoto na kulia kwa usukani na hupanda na kushuka kwa springi, kwa hiyo nafasi linayohitaji ni ile ya hali mbaya kuliko zote, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho huku gurudumu moja likiwa limebanwa juu kabisa. Fundi makini hawezi kuridhika na kutazama gari lililosimama kwenye sakafu tambarare. Hulipandisha gurudumu moja la mbele juu ya tofali imara au ukingo wa mtaro hadi springi ibanwe, kisha huuzungusha usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho huku akimulika nyuma ya gurudumu kwa tochi. Kwenye Hilux, sehemu za kutazamwa ni plastiki ya ndani ya madigadi kwa upande wa nyuma, ukingo wa bati ulio nyuma yake, na kishikio kinachounganisha bodi na chesesi. Tairi linalogusa huacha ushahidi baada ya siku chache, nao ni mstari mweusi unaong'aa kwenye plastiki, au meno ya pembeni yaliyokatika vipande vidogo. 265/70R17 kwa kawaida hupita bila matata kwenye rimu ya kiwandani. 285/70R17 mara nyingi hugusa, na tiba zake hupanda kwa ngazi, kuanzia kuondoa vizuia tope na kubana plastiki nyuma, kupitia kurekebisha alaimenti ili gurudumu lisogee mbele kidogo, hadi kukata na kukunja bati.

Hapo ndipo watu wengi hukimbilia springi ndefu au speza, na hapo ndipo mkanganyiko mkubwa huzaliwa. Springi ndefu huinua bodi gari likiwa limesimama, lakini haziongezi nafasi springi inapobanwa hadi mwisho, kwa kuwa gurudumu bado hufika palepale lilipokuwa likifika isipokuwa kizuizi cha mwisho nacho kibadilishwe. Speza, yaani kipande cha chuma kinachowekwa kati ya habu na rimu, hulisogeza gurudumu nje na kuliondoa karibu na mkono wa juu wa sospensheni, lakini palepale huifanya ncha ya nje ya tairi ichore duara kubwa zaidi usukani unapokatwa, hivyo tairi lililoacha kugusa ndani huanza kugusa madigadi. Rimu yenye ofseti ndogo hutenda vivyo hivyo. Ofseti ni umbali kati ya uso wa rimu unaokaa kwenye habu na mstari wa katikati wa upana wake. Rimu ya kiwandani ya inchi 17 kwa Hilux ina upana wa inchi 7.5 na ofseti ya milimita 30, na kila milimita inayopunguzwa hapo huongeza mzigo wa kupinda kwenye beringi na kuufanya usukani uvutwe zaidi gurudumu linapoingia shimoni. Upana wa rimu nao una neno lake, kwani inchi 7.5 ndiyo chini kabisa ya kiwango kinachokubalika kwa tairi la 285/70R17, ilhali 265/70R17 hukaa juu yake kwa raha.

Gharama ya pili, ambayo huzungumzwa mara chache kuliko inavyostahili, ni uwezo wa kubeba. Ubavuni mwa tairi, baada ya kipimo, huandikwa namba na herufi kama 112S. Herufi ni kikomo cha mwendo, ambapo S ni kilomita 180 kwa saa, Q ni 160 na T ni 190. Namba ni kifungu cha uzito katika jedwali la kimataifa, ambapo 110 humaanisha kilo 1,060 kwa tairi moja, 112 kilo 1,120, na 121 kilo 1,450. Mnunuzi anayeona 121/118 kwenye tairi la 285/70R17 lenye alama ya LT, yaani lililotengenezwa kwa magari mepesi ya mizigo, hudhani amepata nguvu ya ziada bila masharti. Sharti lipo, nalo ni upepo: kilo 1,450 hupatikana tairi linapojazwa hadi kiwango chake cha juu, ambacho kwa matairi mengi ya namna hiyo ni psi 80. Tairi hilohilo likijazwa upepo ulioandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, ambao ulikadiriwa kwa tairi la kiwandani, hubeba pungufu ya tairi lililoondolewa, kwa sababu matairi ya LT na yale yenye herufi C huhitaji upepo mwingi zaidi ili kubeba uzito uleule. Pikapu iliyosheheni saruji na kusafiri jua kali kwa upepo mdogo hupasha moto ubavu hadi waya na mpira viachane, na dereva hubaki akiilaumu chapa ya tairi.

Kiwango sahihi hutafutwa kwenye jedwali la mtengenezaji wa tairi kwa kuzingatia uzito wa kila ekseli, kisha huthibitishwa kwa chaki. Mstari mnene wa chaki huchorwa kukatiza meno kutoka ukingo hadi ukingo, gari huendeshwa moja kwa moja mita chache kwenye lami tambarare, na chaki hutazamwa. Ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni na kubaki katikati, upepo umepungua. Ikififia sawasawa, tairi linakanyaga kwa upana wake wote. Jaribio hilo hufanywa gari likiwa tupu na kurudiwa likiwa na mzigo wake wa kawaida, kwani majibu ya mara ya kwanza hayafai mara ya pili.

Kuhusu nguvu ya injini na breki, hesabu ni fupi. Tairi kubwa ni mkono mrefu zaidi kati ya ekseli na ardhi. Difu yenye uwiano wa 4.1, yaani ambayo shafti yake huzunguka mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja, ikifungiwa tairi lililoongezeka asilimia 7 hutenda kana kwamba ni ya 3.83, na dereva huhisi hali hiyo mlimani anapolazimika kurudisha gia mapema kuliko alivyozoea. Breki nazo, zikibanwa kwa nguvu ileile, hutoa pungufu ya karibu asilimia 6.6 ya nguvu ya kusimamisha ardhini, mbali na uzito wa ziada wa tairi lenyewe unaopaswa kuzuiwa usizunguke. Warsha ya Arctic Trucks ya Iceland, ambayo hufunga Hilux matairi ya inchi 38 kwa safari za thelujini, haifanyi hivyo kwa kununua matairi peke yake. Hukata bodi, hupanua madigadi na kubadili meno ya difu. Kazi ya namna hiyo ni gari jipya ndani ya jina la zamani, wala si kielelezo cha kufuatwa na mtu anayepeleka vitunguu sokoni.

Kinyume chake, Land Cruiser ya pikapu ya mfululizo wa 70, inayoonekana migodini na mbugani kote Afrika Mashariki, kwa miaka mingi imetembea juu ya 7.50R16, tairi lenye kimo cha karibu milimita 805 lakini upana wa milimita 200 hivi tu. Tairi hilo ni refu kuliko 265/65R17 ya Hilux na ni jembamba kwa mbali, na katika udongo mweusi wa mfinyanzi wembamba huo huwa msaada, kwa kuwa tairi hukata tope la juu na kutafuta ardhi ngumu chini yake, wakati tairi pana huelea juu ya utelezi na kujaza meno yake. Imani kwamba upana ni nguvu ina ukweli mchangani, ambako kuelea ndiko kunakotakiwa. Kuihamishia kila mahali ni kosa.

Kipimamwendo hubadilika pia, ingawa si daima kwa namna inayoogopwa. Kifaa hicho huhesabu mizunguko, na tairi la 265/65R17 hupita karibu mita 2.44 kwa kila mzunguko, ilhali 285/70R17 hupita mita 2.61. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 hairuhusu kipimamwendo kionyeshe mwendo mdogo kuliko ule halisi, bali huruhusu kizidishe, na ndiyo maana magari mengi husoma juu kidogo. Gari lililokuwa likionyesha 84 kwa mwendo halisi wa 80, likifungwa 265/70R17, litakuwa katika 82.7 halisi linapoonyesha 84, na bado liko upande salama. Likifungwa 285/70R17 litakuwa katika 85.6, yaani kipimo kimeanza kudanganya kwa upande wa hatari, na askari mwenye kamera kwenye eneo la 50 hana haja ya kusikiliza maelezo ya kipenyo. Kanuni ya asilimia 3 inayotumiwa na wauzaji wengi kama kikomo cha mabadiliko inahusu zaidi jambo hili, kwa hiyo 265/70R17, inayoivuka kwa sehemu chache za asilimia, haipaswi kukataliwa kwa sababu hiyo peke yake. Kwa pikapu inayofanya kazi, hicho ndicho kipimo kinachostahili kuchaguliwa, na 285/70R17 iachiwe mwenye gari lisilobeba mzigo mzito na aliye tayari kugusa bati.

Lolote litakalochaguliwa, matairi yanunuliwe matano. Hilux ya kuvuta magurudumu manne haina difu ya katikati, hivyo ekseli mbili zinapounganishwa huzunguka kwa kasi moja, na tairi la akiba la kipimo cha zamani likifungwa upande mmoja hulazimisha meno kugombana hadi kitu kiteleze au kivunjike. Kabla ya kulipa, tairi jipya lijaribiwe chini ya bodi mahali pa akiba, kwani kubwa zaidi huweza kukaribia bomba la moshi au kukataa kubanwa na mnyororo.

Baada ya hapo hubaki hesabu ya mafuta, ambayo huwachanganya wengi. Gari lililokuwa likitumia lita 70 kwa kilomita 700 likionyesha kilomita 600 tu kwa lita zilezile baada ya kufungwa 285/70R17, matumizi huonekana yamepanda kutoka lita 10 hadi 11.7 kwa kilomita 100. Odomita nayo, kama kipimamwendo, inahesabu mizunguko. Kilomita 600 zake ni 642 za ardhini, na matumizi halisi ni lita 10.9. Hasara ipo, lakini ni karibu nusu ya ile inayoonekana, na mwenye gari anayebadilisha oili kila kilomita 5,000 ajue kwamba sasa anaibadilisha kila 5,350.