Istilahi za Tiba: "Uvimbe" wa Uso wa Mtoto

Miongoni mwa maneno yanayotwishwa mzigo kupita nguvu zake katika tafsiri za maandishi ya tiba ni "uvimbe". Neno hili hutumiwa kwa jipu la fizi, kwa tezi iliyovimba, na kwa nyama inayoota ndani ya mfupa wa taya. Kwa mfasiri aliye mezani jambo hili ni dogo. Kwa mzazi wa Kilosa au Mikumi ambaye mtoto wake amevimba shavu, ni jambo la kufa na kupona.

Kilosa na Mikumi zimo katika sehemu zenye malaria, na ni katika sehemu za namna hiyo ambapo limfoma ya Burkitt huwapata watoto zaidi. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa Mulago, Kampala, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1958. Jipu huuma, huwa na joto na hutunga usaha. Limfoma mara nyingi haiumi mwanzoni. Hulegeza meno, hulisukuma jicho nje, na yaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Mzazi aliyeambiwa "uvimbe" tu atangoja uive.

"Saratani ya taya" nayo ina kasoro mbili. Kwanza, hutaja mahali badala ya ugonjwa, ilhali ugonjwa huu hutokea tumboni pia. Pili, "saratani" likiachwa peke yake husikika kama hukumu ya kifo. Kumbe hii ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa upesi, na watoto wengi waliowahishwa hupona.

Vivyo hivyo, kinyama kinachotolewa ili kitazamwe kwa hadubini kisiitwe "upasuaji", mzazi asije akadhani ugonjwa umekwisha kukatwa. "Kutoa kinyama cha uchunguzi" yatosha.

Kwa hiyo twapendekeza: "jipu" litumike penye usaha, "uvimbe" liwe jina la dalili, kabla ugonjwa haujajulikana, na "limfoma ya Burkitt" liwe jina la ugonjwa uliothibitishwa. Wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wakiyatenga maneno haya matatu, mzazi ataelewa kwa nini anaambiwa ampeleke mtoto Muhimbili leo, wala si baada ya mavuno.